Maradhi ya Kudumu na Mfuko wa Dawa katika Dar es Salaam

Maradhi humjia mwanadamu kwa namna mbili. Yako yajayo kama mgeni wa siku chache: homa, kuhara, kidonda, mvunjiko wa mfupa. Hayo humwangusha mtu na kumlaza, kisha humwacha akainuka, au akafa. Tena yako yajayo yakakaa kama mpangaji asiyehama: kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, selimundu. Mwenye maradhi ya namna ya pili hanunui dawa ili apone. Huinunua ili kesho aamke kama alivyoamka leo. Gharama ya maradhi ya kwanza ni kubwa kwa mara moja. Gharama ya maradhi ya pili ni ndogo kila siku, wala haina mwisho.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na juu ya methali hiyo ndipo bima zote ziliposimama: wengi hutoa kidogo kidogo ili mmoja aliyepatwa na balaa asaidiwe kwa kikubwa. Lakini wahenga hao hao walisema pia bandu! bandu! huisha gogo, na hiyo ndiyo hesabu ya mwenye maradhi ya kudumu. Historia ya dawa katika Dar es Salaam ni historia ya methali hizi mbili kukutana na kushindana. Kila utaratibu wa kulipia dawa uliowahi kuwekwa mjini humo ulifikiriwa kwanza kwa ajili ya maradhi yenye mwisho. Na kila ulipobadilishwa, mzigo ulimwangukia yule ambaye maradhi yake hayana mwisho.

Asili ya jambo hili iko mbali. Mwaka 1883 Bunge la Ujerumani, chini ya Chansela Bismarck, lilipitisha sheria ya bima ya maradhi kwa wafanyakazi, ambayo ndiyo mama wa sheria nyingi za bima ya afya duniani. Sheria hiyo ilimpa mfanyakazi mgonjwa tiba na posho, lakini kwa muda wa wiki 13 tu. Mwaka 1903 muda huo uliongezwa hata ukafika wiki 26. Hesabu hiyo yaonyesha wazi fikira ya watunga sheria. Kwao ugonjwa ulikuwa ni ajali ya mwili, wenye mwanzo na mwisho, na bima ilikuwa daraja la kumvusha mtu kutoka kitandani hata kurudi kazini. Mtu ambaye ugonjwa wake haukumaliza safari katika wiki 13 alikuwa nje ya hesabu.

Miaka 8 baada ya sheria hiyo, Wajerumani walifanya Dar es Salaam kuwa mji mkuu wa koloni lao, lakini sheria ya bima hawakuja nayo. Tiba ya Mwafrika na ya Mhindi iliachwa mikononi mwa sadaka. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili yao ilijengwa kwa mali ya tajiri Sewa Haji, nayo ikaitwa kwa jina lake. Sadaka ni jambo jema, na jina la mtoaji limedumu katika historia ya mji; lakini sadaka nayo hutazama zaidi msiba unaoonekana, kama vile ndui, jeraha au homa kali, kuliko maradhi yanayokula mwili kimya kimya.

Waingereza walikabidhiwa Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Mwaka huo huo, mwezi Januari, huko Toronto, mgonjwa wa kwanza wa kisukari alidungwa insulini. Kabla ya hapo kisukari cha vijana kilikuwa hukumu ya kifo. Baada ya hapo kikawa maradhi ya kuishi nayo, kwa sharti kwamba dawa ipatikane kila siku. Wavumbuzi wake waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi huo kwa dola 1 kila mmoja, wakitumaini kwamba dawa hiyo haitakuwa mali ya kumtajirisha mtu. Basi tangu mwaka huo swali la kisukari liliacha kuwa swali la elimu ya tiba peke yake, likawa pia swali la mfuko: nani atalipa, na atalipa hata lini?

Katika mitaa ya Waafrika ya Dar es Salaam swali hilo halikuulizwa kwa miaka mingi, kwa sababu wagonjwa wengi walikufa kabla ya kujulikana. Msaada wa mtu aliyekuwa mbali na kwao ulitoka kwa ndugu na kwa vyama vya watu wa kabila moja, kama Umoja wa Wazaramo na vinginevyo. Vyama hivyo vilichangisha senti kwa ajili ya maziko, safari na dhiki za ghafla. Vilikuwa bima ya kweli kabla ya jina hilo kuenea, ila navyo vilihesabu msiba kwa siku. Ndugu huchanga maziko mara moja kwa moyo mmoja. Kumchangia mtu yule yule dawa ile ile kila mwezi kwa miaka 20 ni jambo jingine.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilichukua jukumu hilo mabegani mwake. Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, ikawa Muhimbili, hospitali kubwa ya taifa. Tiba katika hospitali za Serikali ilitolewa bila malipo, na mwaka 1977 sheria ilikataza tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Katika zama hizo Ubungo, iliyokuwa nchi ya vijiji na mashamba kando ya barabara ya Morogoro, ilianza kuwa mji. Chuo Kikuu kilihamia mlimani mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Viwanda vingine vikafuata, na watu wakajenga Manzese, Sinza, Mabibo na Kimara. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Pamoja na watu hao yalikuja maisha ya mjini: kazi ya kukaa, chakula cha kununua, chumvi, sukari na mafuta, na pamoja na maisha hayo yalikuja maradhi yake.

Ahadi ya tiba bure ilikuwa ya kweli, na iliwaokoa wengi. Lakini ahadi na ghala si kitu kimoja. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 hata 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliikausha hazina. Katika miaka ya 1980 mpango wa dawa muhimu, uliosaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto kwa fedha za Denmark, ulipeleka masanduku ya dawa katika zahanati na vituo vya afya. Masanduku hayo yalikuwa neema kubwa, nayo yalipangwa kwa maradhi ya kawaida ya zahanati: malaria, kuhara, vidonda, minyoo. Mwenye kisukari alipaswa kutazama hospitali kubwa.

Ni katika zama hizo za tiba bure ndipo gharama ya ugonjwa usiokwisha ilipohesabiwa waziwazi kwa mara ya kwanza mjini humo. Watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Donald McLarty, walipima gharama ya kumtibu mwenye kisukari katika miaka ya 1989 na 1990. Walikuta kwamba mgonjwa anayehitaji insulini aligharimu dola 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Na katika matibabu ya nje ya wodi, bei ya insulini peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya gharama ya mwenye kuihitaji. Makala yao, iliyotoka mwaka 1992, iliuliza katika kichwa chake kama ni lazima kisukari kiwe maradhi ya kuua katika Afrika. Swali hilo halikuwa la daktari tu. Nchi ambayo bajeti yake ya afya kwa kila mtu ilikuwa dola chache kwa mwaka ilikuwa ikiambiwa kwamba mtu mmoja atahitaji sehemu ya watu makumi mengi, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka uliofuata, 1993, tiba bure ilikoma kuwa kanuni. Uchangiaji wa gharama ulianzishwa kwa hatua, ukianzia hospitali za juu na kushuka kwenda za chini. Serikali haikuwasahau wanyonge: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wasiojiweza, na wenye baadhi ya maradhi ya muda mrefu walipewa msamaha. Lakini msamaha huhitaji dawa kuwapo. Mgonjwa aliyesamehewa malipo akaambiwa kwamba dawa imekwisha alikwenda kununua dukani kama mtu mwingine yeyote, na duka halijui msamaha. Aidha, msamaha wa asiyejiweza ulihitaji mtu aufuate kwa maafisa na kuthibitisha umaskini wake, kazi ambayo mgonjwa mwenye haya au asiye na nafasi aliikimbia.

Ndipo bima ilipoingia. Baada ya majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga, yaliyoanza katikati ya miaka ya 1990, Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Nao humhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi hata 4. Kwa mwenye maradhi ya kudumu kadi hiyo ilikuwa ukombozi. Mwalimu mwenye shinikizo la damu hakuuliza tena bei dirishani. Alitoa kadi, akatia sahihi, akachukua dawa za mwezi.

Ubungo, iliyotengwa na Kinondoni ikawa manispaa katikati ya miaka ya 2010, yaonyesha vizuri jinsi kadi ilivyowagawa watu. Katika nyumba moja ya kupanga huko Manzese au Kimara huweza kukaa karani wa Serikali, fundi wa magari, mama auzaye vitumbua na mzee aliyeachishwa kazi kiwandani zamani. Wote wanne huweza kuwa na kisukari kile kile na kuandikiwa metfomini ile ile katika hospitali ya Sinza Palestina, au kupelekwa Mloganzila, hospitali iliyozinduliwa mwaka 2017. Lakini karani ana kadi ya mshahara. Fundi hana mwajiri wa kumlipia nusu. Mama wa vitumbua huweza kuwa na kadi ya mfuko wa jamii, ambayo haifiki kila hospitali. Na mzee hutegemea msamaha. Ugonjwa ni mmoja, bei ni nne.

Mfuko nao ulitafuta njia ya kuwafikia wasio na mshahara. Kadi ya watoto, iliyojulikana kwa jina la Toto Afya, iliuzwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Na mwaka 2019 vilitolewa vifurushi vya hiari vya Najali, Wekeza na Timiza, ambavyo bei zake zilipangwa kwa umri na kwa idadi ya watu wa nyumba. Hapo ndipo methali mbili zilipogongana. Mtu mwenye afya asiyelazimishwa huahirisha kununua bima. Mwenye mtoto wa selimundu hukimbilia siku ya kwanza. Mfuko ukajikuta una wagonjwa wengi na wazima wachache, na kibaba hakikujaa. Mwezi Machi mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, na wazazi wakaambiwa watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Baadaye kadi hiyo ilirudishwa. Lakini mzazi ambaye kadi ya mwanawe iliisha katika kipindi hicho alirudi kwenye kununua dawa kwa fedha taslimu, na selimundu haikungoja.

Tofauti ya mafanikio yaonekana pale pale mlimani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu naye amekuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, kiasi kile kile cha kadi ya mtoto. Lakini wanafunzi huingia wote kwa pamoja, wazima na wagonjwa, kwa kuwa ni sharti la kusoma. Mwanafunzi mwenye pumu huchukuliwa na maelfu wasio na pumu, pengine bila wao kujua. Bei ilikuwa moja katika mifuko yote miwili. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwamo ndani.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja tarehe 1 Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa pamoja na bei ambazo Mfuko huzilipa hospitali. Mfuko ulieleza kwamba bei za zamani hazikulingana na soko na kwamba uhai wake ulikuwa hatarini. Hospitali binafsi zilieleza kwamba bei mpya haziwezi kurudisha gharama zao. Siku hiyo hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi, na wanachama wakaelekezwa kwenye hospitali za Serikali, za mashirika ya dini na nyingine zilizobaki. Baada ya mazungumzo huduma zilirejea katika hospitali nyingi. Yamkini pande zote mbili zilikuwa na hesabu sahihi katika vitabu vyao. Lakini aliyesimama katikati hakuwa na kitabu. Mwenye homa huweza kwenda zahanati nyingine. Mwenye figo mbovu, aliyezoea daktari mmoja, mashine moja na siku 3 za wiki, hana mwanya wa kungoja wakubwa wapatane.

Yafaa kueleza jinsi badiliko la kitita lifikavyo nyumbani, kwa maana halifiki kama tangazo. Hufika kama neno moja dirishani: "haipo". Ikiwa bei ambayo bima huilipa ni ndogo kuliko bei ya kuinunulia dawa, mwenye duka au hospitali haiweki. Mgonjwa hupewa cheti akanunue nje kwa fedha zake, ijapokuwa mchango wake ulikwisha kukatwa kwenye mshahara. Dawa ya namna nyingine huweza kutolewa badala yake, na aghalabu inafaa vilevile. Lakini mgonjwa asiyeelezwa huiona ni dawa hafifu, akaiacha.

Watu wa Ubungo, kama watu wa miji mingine, wana njia zao za kulikabili neno hilo. Wako wanunuao vidonge vya siku 5 badala ya mwezi, kadiri ya mauzo ya siku. Wako wakopao katika vikoba. Wako watoto wanaogawana dawa za mama yao: mmoja hulipia shinikizo, mwingine kisukari. Njia hizo ni za heshima, na bila hizo wengi wangalikuwa makaburini. Lakini ziko njia nyingine ambazo ni hasara iliyovaa nguo ya uwekevu: kukata kidonge kisichopaswa kukatwa, kumeza siku moja na kuruka siku moja, kugawana dawa na jirani mwenye ugonjwa wa jina hilo hilo. Shinikizo la damu haliumi. Kwa hiyo aliyeacha dawa hujiona mzima, hata siku ya kiharusi. Hapo shilingi zilizookolewa dirishani hulipwa mara nyingi zaidi wodini, na bima iliyokwepa bei ya kidonge hulipa bei ya kitanda, au ya kusafisha damu maisha yote. Kwa hiyo hata kwa hesabu kavu ya fedha, kuipunguza dawa ya kudumu si kuokoa, ni kukopa.

Ingekuwa si haki kusema kwamba hakuna njia nyingine iliyopata kujaribiwa. Iko, tena iko katika hospitali hizo hizo. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimetolewa bure nchini Tanzania, kama zile za kifua kikuu, nje kabisa ya hesabu ya kadi. UKIMWI nao, tangu dawa hizo zipatikane, umekuwa maradhi ya kudumu. Lakini dunia iliuhesabu kuwa msiba wa wote, ikaulipia kwa mfuko wa wote. Ila mfuko huo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wageni, na mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika kwamba bure inayotegemea hazina ya mwingine nayo ina tarehe yake ya mwisho. Uingereza, iliporudisha malipo ya dawa mwaka 1968, iliandika orodha ya maradhi ya kudumu, kisukari na kifafa yakiwamo, ambayo wagonjwa wake hawalipi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2023, ilianzisha mfuko wa pekee kwa dharura, maradhi sugu na maradhi mahututi, mbali na mfuko wa michango. Kuandika sheria si kuijaza hazina. Hata hivyo, sheria hizo mbili zimekiri jambo moja: kwamba maradhi yasiyokwisha hayawezi kupimwa kwa kipimo cha ajali.

Tanzania nayo imefika kwenye njia panda hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inakusudia kila mkazi awe ndani ya bima, nayo imeanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kuwaingiza watu wote ndiyo dawa ya ugonjwa uliokiua kifurushi cha hiari, kama wanafunzi wa mlimani walivyoonyesha. Lakini wingi wa watu peke yake hautatosha, ikiwa mfuko utaendelea kumtazama mwenye kisukari kama mtu aliyepatwa na bahati mbaya, wa kusaidiwa hata hesabu itakaposumbua. Yeye hakupatwa na ajali. Dawa yake inajulikana, kipimo chake kinajulikana, na gharama yake ya mwaka ujao yaweza kuandikwa leo, kama watafiti wa Muhimbili walivyoiandika mwaka 1990. Katika gharama zote za hospitali, hii ndiyo iliyo rahisi kutabiriwa kuliko zote.

Kwa hiyo jambo la kutakwa si huruma, ambayo Sewa Haji aliitoa kwa wingi kuliko wengi waliomfuata, wala si msamaha, ambao dirisha lisilo na dawa huubatilisha. Ni mpango: kwamba kila orodha ya dawa inapobadilishwa, dawa za maradhi ya kudumu zitengwe kwanza, ziwekewe bei inayoweza kuzileta dirishani, na mgonjwa apewe muda na maelezo kabla ya badiliko kumfikia. Wiki 13 za Bismarck zilikuwa hesabu ya zama zake. Tangu Januari 1922 hesabu hiyo imepitwa na wakati, na mitaa ya Ubungo imejaa watu walio hai kwa sababu imepitwa. Kibaba kijazwe kwa kumbukumbu ya gogo linalochanjwa kila siku. La sivyo wale ambao elimu ya tiba iliwaokoa na kifo watarudishwa kwacho na hesabu ya fedha.